Deni la Fundi kwenye Nyumba ya Warithi: Wenye Nyumba kwa Pamoja mjini Uvira

Fundi aliyeezeka upya nyumba ya watu wengi na hakulipwa ana swali moja: amdai nani? Sheria ya Kongo hulijibu kwa kutenganisha madeni mawili ambayo mjini Uvira huchanganywa kila kukicha. La kwanza ni deni la mkataba, lililo kati ya fundi na mtu aliyemwita kazini. La pili ni deni la umiliki, lililo kati ya wenye nyumba wenyewe kwa wenyewe. Mtu hawi mdaiwa wa fundi kwa sababu tu jina lake limo kwenye hati ya kiwanja. Na wala haponi mikononi mwa ndugu zake kwa sababu tu hakuwepo siku bei ilipopatanwa.

Uvira ina sababu zake za kuzaa madeni ya namna hii. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Nyumba zimejipanga kandokando ya Barabara ya Taifa namba 5, iendayo Bukavu upande mmoja na Baraka upande wa pili, na mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge hushuka mlimani na kukata makazi kabla ya kuingia ziwani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ziwa nalo lilipanda mwaka hadi mwaka, na mwaka 2024 likafika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Katika mitaa ya ufukoni maji yaliingia majumbani na kutuama humo. Msingi ulioliwa na maji, tofali la chini lililolowa hadi likamumunyuka, manjanja, yaani mabati, yaliyong'olewa na upepo wa ziwa: kazi ya fundi haiishi.

Wenye nyumba nao ni wengi. Baba akifa, kiwanja hubaki kwa jina lake miaka na miaka, hakuna aliyefungua mirathi wala aliyekwenda kwa msajili wa hati za ardhi. Vita vya 1996 na 1998 viliwatawanya warithi: mmoja alivuka mpaka wa Kavimvira akatulia Bujumbura, mwingine yuko kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na waliopata bahati ya kuhamishiwa mbali wako Marekani, Kanada au Australia. Aliyebaki ndiye anayeona ukuta ukiegemea, ndiye anayemwita fundi, na mara nyingi ndiye asiye na pesa.

Sheria zinazotawala jambo hili zimetoka katika matabaka mbalimbali. Mikataba inaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ni mtoto wa sheria ya Napoleon ya 1804 aliyelelewa Ubelgiji. Mali na ardhi ziko chini ya sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyofanya udongo wote kuwa mali ya Serikali na kumwachia raia haki ya kukaa juu yake, pamoja na nyumba aliyoijenga. Ndoa na mirathi zimo katika Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Juu ya hayo, tangu Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya kuoanisha sheria za biashara barani Afrika, ambayo kanuni zake ndizo zinazotawala namna ya kudai na kukamata mali.

Deni la mkataba linafuata kanuni moja kongwe: mapatano ni sheria kwa waliopatana, na hayamfungi asiyekuwemo. Yaya, yaani ndugu mkubwa, akimwita fundi, akapatana naye dola 600 za ukuta na kumpa 200 za avansi, basi yaya ndiye anayedaiwa 400. Mdogo wake aliye Bujumbura hana deni kwa fundi huyo, hata kama fungu lake katika nyumba ni kubwa kuliko la yaya. Mafundi wengi hawaiamini kanuni hii mpaka waisikie mahakamani. Hoja yao ni ya kibinadamu na inaeleweka: nyumba imepona, basi kila mwenye nyumba alipe. Lakini mkataba haufungwi na nyumba. Hufungwa na watu.

Kuna milango ambayo kwayo ndugu asiyekuwepo huingia katika mkataba bila kuweka saini. Alimtuma yaya apatane kwa niaba yake, kwa maandishi au kwa sauti. Au hakumtuma, lakini alipopata habari aliridhia. Maridhiano hayo huonekana katika matendo kuliko maneno: ametuma pesa kwa simu huku akitaja manjanja, ameomba picha za kazi, amembishia fundi bei ya mbao. Tangu kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, maandishi ya kielektroniki yana nafasi yake katika ushahidi wa Kongo, na ujumbe wa simu unaomtaja fundi na kiasi unaweza kumfanya ndugu wa mbali kuwa mdaiwa kamili. Asiyetaka kuingia katika mkataba anapaswa kuwa mwangalifu na namna anavyotuma msaada wake. Kumtumia dada pesa za chakula ni jambo moja. Kumtumia fundi pesa za saruji ni jambo jingine.

Hata pale ndugu wawili walipoweka saini pamoja, fundi hapati moja kwa moja haki ya kumdai mmoja wao deni lote. Katika deni la kiraia, wajibu wa kila mmoja kulipa zima haudhaniwi, lazima uandikwe. Bila maandishi hayo, deni la pesa hugawanyika, na fundi anayemkuta mmoja ana mali na mwenzake ni fukara atapata nusu tu kwa yule wa kwanza. Sentensi moja inatosha kuligeuza hilo: wote wawili wanakubali kudaiwa deni zima, kila mmoja kama vile angekuwa peke yake. Sentensi hiyo haigharimu chochote siku ya kupatana, na ndiyo inayokosekana zaidi.

Ukitazama karatasi zenyewe, sababu inaonekana. Makadirio ya fundi, ambayo mjini kila mtu huyaita devi, huandikwa kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la shule: idadi ya manjanja, mbao, kilo za misumari ya bati, mifuko ya saruji, safari za mchanga, na mstari wa mwisho ni ujira. Juu kuna jina la mtaa. Chini hakuna saini, au iko moja isiyosomeka. Haisemwi nani mwenye nyumba, nani anayelipa, wala kama bei ni ya mkupuo au itapanda saruji ikipanda. Swali hilo la mwisho si dogo katika mji ambao vifaa vyake vingi hufika kwa boti au kuvuka mpaka. Bei ikiwa imepatanwa kwa mkupuo kwa mchoro uliokubaliwa, fundi hawezi kuongeza dai kwa sababu vifaa au vibarua vimepanda. Nyongeza ya kazi nayo inahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba.

Vijana wanaobeba mchanga na kuchanganya saruji wana nafasi ya pekee. Wao wameajiriwa na fundi, si na mwenye nyumba. Hata hivyo sheria inawaruhusu kumdai moja kwa moja aliyeagiza kazi, ila kwa kiasi kile tu ambacho yeye bado anadaiwa na fundi. Aliyekwisha kumlipa fundi yote hana deni kwa vijana hao, hata wakija kuketi mlangoni.

Mume na mke si wamiliki wenza wa kawaida. Wasiochagua utaratibu wa mali siku ya ndoa huwekwa na Kanuni ya Familia katika ushirika wa mali zilizochumwa ndani ya ndoa, na madeni ya mahitaji ya lazima ya nyumba huhesabiwa kuwa ya wote wawili. Kuziba paa linalovuja juu ya watoto ni hitaji la nyumba. Kuongeza ghorofa si hitaji la namna hiyo. Kabla ya 2016 mke alihitaji idhini ya mumewe ili ajifunge katika mkataba, na waume kadhaa waliitumia kanuni hiyo kukana deni la fundi aliyeitwa na mke. Sheria mpya imeifuta idhini hiyo na kuweka badala yake wajibu wa wote wawili kukubaliana. Wakishindwa, aliyeumia hupeleka shauri kwenye mahakama ya amani.

Deni la pili, la umiliki, ndilo lenye mambo mengi zaidi. Sheria ya 1973 inamruhusu kila mmiliki mwenza kufanya peke yake matendo ya kuihifadhi mali ya wote: kuinua ukuta unaoanguka, kuziba paa, kukinga msingi na maji. Hahitaji kura wala kikao. Mambo makubwa zaidi, kama kuuza au kubadili sura ya nyumba, yanahitaji ridhaa ya wote. Na kwa kuwa alichofanya kimehifadhi mali ya wote, kila mmoja anachangia gharama za lazima za uhifadhi na matunzo, pamoja na kodi, kwa kadiri ya fungu lake. Mafungu yasipojulikana, hudhaniwa kuwa sawa.

Lakini mafungu ya warithi si sawa kila mara, na hapa ndipo hesabu za barazani hupotoka. Ichukuliwe nyumba iliyojengwa ndani ya ndoa isiyochagua utaratibu wa mali. Baba amefariki, ameacha mjane, watoto 4, na ndugu zake wa damu. Wazazi wake walitangulia. Nusu ya nyumba haimo katika mirathi kabisa, ni ya mjane tangu mwanzo. Nusu ya baba ndiyo inayogawanywa: robo tatu kwa watoto kwa usawa, awe wa kiume au wa kike, wa ndani ya ndoa au wa nje aliyetambuliwa, thumni kwa mjane, thumni kwa ndugu wa marehemu. Paa jipya likigharimu dola 1,600, mjane anabeba 900, kila mtoto 150, na ndugu wa marehemu wote kwa pamoja 100. Baba mdogo anayekuja na sauti ya mwenye nyumba kumbe anagawana na ndugu zake sehemu 1 kati ya 16, na mtoto wa kike aliyeambiwa hana lake ana sehemu sawa na ya kaka yake. Anayedai sauti kubwa zaidi katika nyumba akubali pia mchango wa ukubwa huo. Ndoa ya kimila isiyoandikishwa humwongezea mjane mzigo mwingine, kwa sababu lazima aithibitishe kwanza ndipo hesabu hii imfikie.

Mjane ana pia haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na mumewe. Kwa sehemu asiyoimiliki, yeye ni mtumiaji tu, na hapo hutumika mgawanyo wa zamani wa sheria za asili ya Kifaransa na Kibelgiji: anayetumia nyumba hubeba matengenezo ya kawaida, na wenye mali hubeba yale makubwa, yaani kuta nene, boriti na paa zima. Kubadilisha manjanja mawili ni juu ya mjane. Kuezeka upya nyumba nzima kunarudi kwenye mafungu.

Si kila kazi inaleta mchango. Marumaru, baraza jipya, dari ya mbao au rangi ya nje ni mapambo au maendelezo, si uhifadhi. Aliyeyafanya bila ridhaa ya wenzake hawezi kuwapelekea karatasi ya deni. Kuna eneo la katikati ambalo hakimu hulipima kwa akili ya kawaida. Kuinua sakafu kwa sentimita 40 mjini Bukavu, kule juu, kungeonekana anasa. Katika nyumba ya Kalundu, ufukoni mwa Uvira, ambayo ziwa limeingia mara mbili, ni uhifadhi.

Ikiwa ni baba mwenyewe aliyepatana na fundi kabla ya kufa, hali inageuka. Deni hilo ni la mirathi. Msimamizi wa mirathi, ambaye kama hakuna aliyeteuliwa huwa mrithi mkubwa kwa umri, anapaswa kulilipa kabla ya kugawa chochote. Warithi wanaogawana vyumba huku fundi hajalipwa wanagawana pamoja na deni.

Sasa fundi ambaye aliyemwita hana kitu afanye nini? Ana njia ya kuzunguka. Dekreti ya 1888 inamruhusu mdai kutumia haki za mdaiwa wake mzembe. Yaya ana haki ya kuwadai ndugu zake mchango wa uhifadhi, na asipoitumia, fundi anaweza kuitumia kwa jina la yaya, kwa mipaka ya haki aliyo nayo yaya. Anachopata kwa njia hiyo huingia kwanza katika mali ya yaya, na wadai wengine wa yaya wanaweza kukigombania pia. Njia ya kujitajirisha bila sababu, ambayo mawakili huitaja haraka, ni ya mwisho na ni nyembamba: haifunguki pale fundi ana mkataba anaoweza kuudai, na ndugu aliyefaidika anaweza kujibu kwamba faida yake ina sababu, nayo ni mkataba wa yaya. Imara zaidi ni kanuni ya anayesimamia jambo la mwenzake bila kutumwa. Jirani aliyezuia ukuta wa mtu aliye uhamishoni usianguke, kwa gharama yenye manufaa, hurudishiwa gharama hiyo na mwenye ukuta, hata kama baadaye ukuta ulianguka kwa mafuriko mengine.

Maji yakichukua nyumba, deni haliendi nayo moja kwa moja. Inategemea kazi ilifika wapi. Fundi aliyeleta vifaa vyake mwenyewe na kazi ikapotea kabla ya kukabidhiwa, hasara ni yake, isipokuwa kama mwenye nyumba alichelewa kuipokea. Fundi aliyeleta mikono tu hawajibiki kwa vifaa vilivyopotea bila kosa lake, lakini ujira wake nao hupotea. Kazi iliyokwisha kupokelewa, hata kwa kuhamia ndani tu, inadaiwa kikamilifu. Mto ukija kesho yake, wenye nyumba wanabaki na deni bila nyumba. Hii ndiyo sababu ya kuwa na karatasi ya makabidhiano, yenye tarehe, katika mji ambao tarehe ya mvua hujulikana na kila mtu.

Ukuta wa mpaka unaotumiwa na viwanja viwili ni umiliki mwenza mdogo wa peke yake. Kuutengeneza ni juu ya majirani wote wenye haki juu yake, kwa kadiri ya haki zao, na asiyetaka kuchangia anaweza kujitoa kwa kuachia haki yake juu ya ukuta huo, mradi hautegemezi jengo lake. Mpangaji aliyepatana na mwenye nyumba kutengeneza kwa kukatwa kodi ya pango anadaiwa yeye na fundi, kwa kuwa ndiye aliyempa kazi.

Mashauri huanzia kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, na mapatano yaliyoandikwa na kusainiwa mbele yake yana thamani ya mkataba. Kikishindikana kikao, mahakama ya amani ya Uvira inasikiliza madai ya kiraia yasiyozidi faranga 2,500,000, kiasi ambacho kwa viwango vya fedha vya miaka ya karibuni hakiko mbali na dola 1,000. Yanayozidi yanakwenda mahakama kuu. Kanuni za OHADA zinatoa pia njia fupi ya amri ya kulipa, kwa deni la mkataba lisilo na shaka, lenye kiasi kinachojulikana na muda uliofika. Ukurasa wa daftari usio na saini haupiti hapo.

Fundi hapaswi kurudi usiku kung'oa manjanja. Yakishapigiliwa yamekuwa sehemu ya nyumba, na kuyang'oa kunamgeuza mdai kuwa mshtakiwa. Polisi nao si wakusanya madeni: kutolipa mkataba si kosa la jinai, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi ilijiunga nao mwaka 1976 ikiitwa Zaire, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Hata mwenye hukumu mkononi hukutana na kizuizi: fungu la mmoja katika nyumba isiyogawanywa halipigwi mnada kabla ya mgawanyo. Anachoweza kufanya mdai ni kuuchochea mgawanyo wenyewe, kwa kuwa hakuna anayelazimishwa kubaki katika umiliki wa pamoja milele. Nyumba isipoweza kukatwa vipande, huuzwa na bei ikagawanywa.

Siku ya mgawanyo huo ndipo madeni mawili hukutana mezani. Aliyelipa fundi kwa uhifadhi wa nyumba huondoa kwanza alichotoa zaidi ya fungu lake, kwa risiti, kabla ya wengine kuhesabiwa. Wenzake nao wana neno dhidi yake: kama alikaa peke yake humo miaka yote, au alipokea kodi za wapangaji bila kuwapa wenzake, faida hiyo inapunguzwa kutoka katika anachodai. Mrithi wa Nyarugusu ambaye hajaiona nyumba tangu utotoni anaweza kukuta kwamba mchango wake wa paa ulikwisha kulipwa na kodi za vyumba viwili vya nyuma.